Kwa nini mgonjwa wa mguu huchanganyikiwa usiku wa tatu wodini?

#1 Mkesha wa Wodi
Salaam, wadau. Mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji ya wanaume katika hospitali moja mkoani Mtwara, na nina swali ambalo limenisumbua kwa misimu mitatu ya korosho mfululizo.

Hivi karibuni tulimpokea mzee wa miaka 52 aliyeanguka na pikipiki akitoka mnadani. Mguu wa kushoto ulikuwa umevunjika chini ya goti, akafungwa hogo, akalazwa. Siku ya kwanza alikuwa mtu wa maneno mazuri na utani mwingi. Siku ya pili mikono ilimtetemeka hata chai ikamwagikia kifuani, naye akasema ni baridi, ilhali sote tunajua kwamba Mtwara ya mwezi Novemba haina baridi ya kumtetemesha mtu. Usiku wa tatu, yapata saa nane, nilimkuta ameketi kitandani anaokota korosho juu ya shuka. Alikuwa akiokota moja moja, analishika bibo kwa mkono wa kushoto, anaipinda korosho kwa kidole gumba cha kulia mpaka ing'oke, kisha anaitia kwenye beseni la kunawia ambalo halikuwa na kitu. Niliposogea alinikaripia kwamba nimeyakanyaga mabibo yake. Jasho lilikuwa limelowesha godoro, na mapigo ya moyo yalikuwa 128 kwa dakika. Saa tisa alitaka kushuka aondoke na hogo lake, ikabidi mlinzi na jamaa wawili wa vitanda vya jirani wamfunge kwa kanga.

Kulipokucha nilisikia maelezo manne. Daktari wa zamu aliandika malaria kali, ingawa kipimo cha haraka kilikuwa hasi. Shemeji wa mgonjwa alisema ni jini alilolipata njiani. Muuguzi mwenzangu alizilaumu dawa za maumivu. Mkewe hakusema neno, ila mchana alikuja na chupa ya chai, akammiminia kikombe kimoja, na baada ya nusu saa mzee alikuwa ametulia na kusinzia. Niliinusa ile chupa. Haikuwa chai.

Naomba maelezo ya wenye uzoefu, maana huyu si wa kwanza wala wa tano.

#2 Msoma Kimya
Nimekaa hapa nasubiri wataalamu.

#3 Tabibu wa Nachingwea
Mleta uzi, jibu umeliweka mwenyewe ndani ya chupa. Pombe huupunguzia ubongo kasi, na ubongo wa mtu anayekunywa kila siku hujizoesha kwa kuongeza kasi yake ili aweze kusimama na kwenda shambani. Pombe ikikatwa ghafla kwa sababu ya kulazwa, ile kasi iliyoongezwa hubaki bila breki. Ndiyo maana mkono unatetemeka, jasho linatoka, moyo unakwenda mbio na presha inapanda. Katika hatua mbaya zaidi mgonjwa huona wadudu ukutani, au hufanya kazi yake ya kila siku hewani kama mzee wako na korosho zake. Nimewahi kumwona mvuvi akivuta jarife kwenye waya wa dripu.

Hali hiyo isipotibiwa huua. Dawa yake kuu ni diazepamu au dawa nyingine za ukoo wake, pamoja na vitamini B1, maji ya kutosha na muuguzi wa kumtazama mara kwa mara.

#4 Karani wa Chati
Ninamuunga mkono #3, ila nirekebishe kichwa cha uzi. Saa hazihesabiwi tangu mgonjwa alipolazwa, zinahesabiwa tangu alipokunywa mara ya mwisho. Mtetemeko huanza kati ya saa 6 na 24, degedege huweza kutokea kati ya saa 6 na 48, na kule kuchanganyikiwa kukubwa huja zaidi kati ya saa 48 na 96. Mtu aliyeanguka na pikipiki akitoka kilabuni na mwenzake aliyelala siku moja nyumbani akikandwa kwa maji ya moto kabla ya kuletwa hospitali hawatachanganyikiwa usiku mmoja, hata kama wamelazwa saa ile ile. Ndiyo maana swali la "ulikunywa lini mara ya mwisho" linapaswa kuandikwa kwenye chati siku ya kwanza. Katika chati nyingi ninazopitia, sehemu ya pombe imeandikwa "hatumii" kwa mwandiko wa haraka.

#5 Mpwa wa Mgema
Naomba tusifunge mjadala mapema. Mjomba wangu alikuwa mgema wa tembo la mnazi, na alikuwa mnywaji, hilo silifichi. Alianguka, akalazwa kwa ajili ya bega, na siku ya tatu akaanza kuongea na watu wasiokuwepo. Wodi nzima ilisema ni pombe inamtoka. Akapewa dawa za usingizi, akalala vizuri sana, na siku ya tano hakuamka. Alipofikishwa kwenye kipimo cha kichwa ilionekana damu imejikusanya ndani ya fuvu na kuubana ubongo. Mzee wa mleta uzi naye ameanguka na pikipiki. Je, kuna aliyemmulika mboni za macho?

#6 Mkesha wa Wodi
Pole sana, #5. Mboni tulizitazama usiku ule na zilikuwa sawa pande zote mbili. Kipimo cha kichwa hakikufanyika, na siwezi kudai kwamba nina uhakika.

#7 Dada wa Chuno
Mimi ninaongeza la kwangu. Mama yangu ni mtu wa swala tano na hajawahi kuonja hata togwa iliyochacha. Alilazwa kwa ajili ya nyonga, na usiku wa tatu akaanza kutuamrisha tutoe mbuzi chini ya kitanda. Kumbe vidonge vyake vya presha, vile vya kukojosha, vilikuwa vimemshusha chumvi mwilini, na juu yake alikuwa na maambukizi ya mkojo. Wauguzi walituita pembeni na kutuuliza, kwa heshima kabisa, kama bibi anakunywa. Kaka yangu nusura apigane.

#8 Mstaafu wa Masasi
Wanangu, nimefanya kazi ya uuguzi kwa miaka 34, na hilo la #7 ndilo kiini cha tabu yetu. Tunauliza vibaya, na tunauliza mahali pabaya. Unamwuliza mtu mzima "unakunywa pombe?" mama mkwe akiwa ameketi kwenye ukingo wa kitanda, na imamu amekuja kumwangalia mgonjwa. Atajibu nini?

Zipo njia zilizopimwa. Kuna maswali manne yanayoitwa CAGE, aliyoyachapisha daktari John Ewing mwaka 1984: kama umewahi kuona upunguze, kama watu wanakuudhi kwa kukusema, kama unajiona mwenye hatia, na kama unakunywa asubuhi ili utulie. Vijana huyasoma chuoni kwa Kiingereza, na wakifika wodini wanashindwa kuyasema. Lile la nne lina neno lake huku kwetu tangu zamani, nalo ni kuzimua. Mimi nilikuwa nikisubiri jamaa waende kununua maji, ninavuta kigoda, ninamfunga mgonjwa mkono wa kipimo cha presha, kisha ninamwuliza taratibu, "Mjomba, asubuhi huwa unazimua?" Anayejibu "mara moja moja tu" nilimwandika kwenye daftari langu, na usiku nilimhamishia kitanda kilicho karibu na meza yetu.

#9 Kijana wa Mikindani
Bibi, umenichekesha na kunitia hofu kwa pamoja. Nakumbuka kuna sista aliwahi kunifunga mkono wa presha na kuniuliza hivyo hivyo, nami nikamjibu bila kufikiri.

#10 Mstaafu wa Masasi
Na ulijibu "mara moja moja tu".

#11 Hesabu za Bandari
Nina nadharia kuhusu majira. Mleta uzi anataja msimu wa korosho, lakini kwa upande wetu wa pwani wimbi kubwa huja siku ya tatu ya Ramadhani. Watu huvunja jungu kwa siku mbili au tatu, wanakunywa kama wanaoaga dunia, kisha mwezi ukiandama wanaacha ghafla kwa nia njema kabisa. Kaka yangu alifungiwa chumbani na wazee ili amalize mfungo akiwa safi, na siku ya pili akaanguka kwa degedege kabla ya futari. Wazee walisema ni adhabu.

#12 Mwalimu wa Kilimo
Kwa heshima, #11, hoja hiyo inaeleza pwani tu. Ndanda na Masasi, ambako Wakristo ni wengi, nao wana visa hivyo hivyo. Tazameni kinywaji chenyewe. Mabibo yanapoanza kuiva, uraka, ile pombe ya mabibo, unapatikana kila kona na kwa bei ya chini, na mtu anaweza kunywa tangu asubuhi hadi jioni miezi mitatu bila kukopa. Mabibo yakiisha wenye nacho wanahamia nipa, pombe kali ya kochoko, maana mabibo hayo yaliyokaushwa hukaa ghalani mwaka mzima, na wasio nacho wanaacha ghafla. Kwa hiyo mimi ningetarajia wimbi liwe Januari na Februari, mabibo yanapokwisha, na wala si Novemba.

#13 Mkesha wa Wodi
Hapo umenikwamisha, maana mimi ninawaona Novemba.

#14 Karani wa Chati
Novemba ndipo fedha za minada zinapoingia, pikipiki zinanunuliwa na watu wanavunjika miguu. Huenda wanywaji ni wale wale mwaka mzima, ila mwezi huo wanalazwa wengi zaidi kwa sababu ya ajali, na kulazwa ndiko kunakowakatia pombe.

#15 Muuza Duka Mstaafu
Mmeisahau marufuku ya viroba, ile pombe kali ya pakiti ndogo, ya Machi 1, 2017. Kabla ya hapo mtu alinunua kipakti akakiweka mfukoni, hata wodini aliingia nacho. Baada ya hapo wengi walihamia nipa, ambayo hakuna ajuaye ina nini ndani. Pengine siyo kukosa pombe kunakowachanganya, bali ni sumu iliyokuwa ndani ya pombe yenyewe.

#16 Tabibu wa Nachingwea
Sumu hiyo ipo, #15, na inapompata mtu hulalamikia macho: anaona ukungu, tumbo linauma, anapumua kwa kasi, na huwa mgonjwa sana. Hakai siku mbili akitania wauguzi. Kwa hiyo kwa mzee huyu sikubaliani nawe, ingawa kwa wengine usiitupe.

Kuhusu malaria, naomba tukumbuke pia kwamba kipimo cha haraka kinaweza kubaki chanya kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kwisha, hivyo hata kikiwa chanya hakithibitishi kwamba malaria ndiyo inayomchanganya mtu leo. Na zamani enzi za kwinini, dawa yenyewe ilikuwa ikimshusha mgonjwa sukari, naye akachanganyikiwa, tukasema malaria imepanda kichwani. Pima sukari kwanza, hata kama umeshajua ni pombe, hasa ikiwa umeshajua.

#17 Sindano Mkononi
Na msisahau kwamba mnywaji hapewi dekstrozi, yaani dripu ya sukari, kabla ya vitamini B1. Tulifundishwa hivyo na tukaulizwa kwenye mtihani.

#18 Karani wa Chati
Kanuni hiyo ina maana yake, lakini isigeuzwe kuwa pingu. Mnywaji wa muda mrefu huwa amekwisha akiba ya B1, na kumpa sukari nyingi bila vitamini hiyo kunaweza kumharibia ubongo: macho yanacheza, miguu inayumba, kumbukumbu inapotea, nyingine moja kwa moja. Hata hivyo mtu ambaye sukari yake imeshuka hadi hajitambui hawezi kusubiri muuguzi atafute B1 stoo. Mpe sukari mara moja, na vitamini iende pamoja nayo au mara baada yake.

#19 Mkesha wa Wodi
Ninashukuru. Sasa niulize lile la kanga. Ninajua kwamba kumfunga si sawa, lakini tulikuwa wauguzi wawili kwa vitanda 38.

#20 Mstaafu wa Masasi
Sitakuhukumu, mwanangu, nimewahi kufunga. Ila ufahamu yanayofuata. Mgonjwa aliyefungwa chali akitapika hupaliwa. Anayeshindana na kamba hupandisha joto na kuchosha moyo. Na kanga iliyokazwa mkononi huacha kidonda kinachobaki hata baada ya mguu kupona. Kama hapana budi, mlaze ubavu, usimwache peke yake, na fungua mapema iwezekanavyo. Mimi nilipata faida zaidi kwa vitu vidogo: godoro kuliweka chini sakafuni ili asianguke kutoka juu, taa moja kuiacha ikiwaka kwa sababu vivuli ndivyo vinavyogeuka kuwa nyoka, sauti moja tu ya kumsemesha, na jina lake. Sikubishana naye kuhusu anayoyaona, wala sikumkubalia. Mzee wa korosho ningemwambia, "Mjomba, leo umechuma vya kutosha, lala, nitalilinda lundo." Naam, huko ni kukubali kidogo. Nisameheni.

Na tafadhali, akianguka degedege, msimtie kijiko mdomoni. Nimeng'oa meno ya watu kwa kijiko hicho nilipokuwa mwanafunzi.

#21 Nilirudi Nyumbani
Mnazungumzia pombe tu. Mimi nilitumia unga, yaani heroini, jijini Dar es Salaam, na kwa miaka mitano sasa ninakunywa methadoni, dawa ya kushika nafasi ya unga, kila siku mbele ya muuguzi. Mei 2024 nilikuja Lindi kwenye msiba wa baba nikiwa na mipango ya siku mbili. Kikaja Kimbunga Hidaya, barabara ikakatika upande wa Somanga, magari hayaendi wala hayarudi. Siku ya pili arosto, yale mateso ya kukosa dozi, ikanishika: makamasi, miayo, tumbo la kuendesha, mifupa kama inasagwa. Nilikwenda kwenye kituo kimoja cha afya, nikaeleza ukweli wote. Muuguzi alisema kwa sauti iliyofika hadi benchi la kina mama wenye watoto, "Teja, nenda ukalale." Niliondoka.

Tofauti na yule mzee, arosto ya unga ni nadra kumuua mtu mzima mwenye afya, hilo ninalijua. Kinachotuua ni kurudi mtaani siku ya nne ukanunua kete ile ile ya zamani wakati mwili umeshasahau kipimo chake. Niliporudi Dar es Salaam hawakunirudishia dozi yangu pale pale. Walianza chini, wakanipandisha pole pole, nami nilikuwa nimekasirika kwa sababu hakuna aliyekuwa amenieleza.

#22 Kifua Kikuu na Mimi
Pole kwa msiba, #21. Ninafanya kazi kliniki ya kifua kikuu, na ninaongeza moja. Rifampisini, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, huharakisha ini kuitoa methadoni mwilini. Mteja wa methadoni akianzishiwa dawa za kifua kikuu, ndani ya siku chache anaweza kuja akilalamika kwamba dozi haimfikishi asubuhi, na sisi tukamwita mwongo anayetaka kuongezewa. Anasema kweli. Dozi yake inahitaji kuangaliwa upya, na akimaliza rifampisini iangaliwe tena, maana ile iliyoongezwa sasa inaweza kuwa kubwa mno.

#23 Zahanati ya Pembeni
Turudi kwenye chupa ya chai, kwa sababu hakuna aliyejibu. Niko kwenye zahanati ya kijiji cha wavuvi wilayani Kilwa. Mwezi huu nina ampuli mbili za diazepamu, na nimezitunza kwa watoto wa degedege. Mgonjwa anatetemeka mbele yangu, gari la wagonjwa limekwenda mjini, na mkewe ameshika chupa. Nifanye nini?

#24 Tabibu wa Nachingwea
Kitaaluma siwezi kukuruhusu. Kipimo chake hakijulikani, mtu aliyechanganyikiwa akinywa hupaliwa kikaingia mapafuni, na kama ana dawa za maumivu zinazokwangua tumbo unamwongezea kutokwa damu. Mtume kwa rufaa.

#25 Zahanati ya Pembeni
Nimeandika kwamba gari halipo.

#26 Tabibu wa Nachingwea
Nimekusoma. Basi tumia ampuli, watoto utawaombea nyingine.

#27 Zahanati ya Pembeni
Tabibu, hilo la kuwaombea nyingine linaonyesha kwamba hujakaa huku.

#28 Mganga wa Tandahimba
Mnanisamehe kwa kuingilia. Sisi hatukatai dawa za hospitali, lakini mmelipita jini kama vile halipo. Yapo majini yanayodai kileo, na ngoma zake zinajulikana. Mgonjwa hutetemeka, huzungumza na wasioonekana, hupewa kinachodaiwa, na hutulia. Hayo ndiyo aliyoyaeleza mleta uzi neno kwa neno.

#29 Dada wa Chuno
Ajabu ni kwamba jini hilo linafuata ratiba ya #4.

#30 Mganga wa Tandahimba
Hata mafua yana ratiba, dada yangu.

#31 Mke wa Mvuvi
Nimesoma tangu mwanzo na ninaona aibu kuandika, ila nitaandika. Mimi ndiye mwenye chupa katika nyumba yangu. Mume wangu asipopata kikombe kabla ya kwenda pwani hawezi kufunga fundo la nyavu, na tusipofunga nyavu hatuli. Mwaka jana nilimwaga yote, nikaificha fedha, nikamwambia leo basi. Jioni alianguka mbele ya watoto, akauma ulimi, povu likamtoka. Tangu siku hiyo ninampimia mwenyewe kwa kikombe cha kahawa. Alipolazwa kwa ngiri hakuna aliyeniuliza chochote. Waliniambia nisilete chakula cha mafuta.

#32 Mstaafu wa Masasi
Mwanangu, wala usione aibu. Ungekuwa kwenye wodi yangu ningekuuliza wewe kabla yake.

#33 Mkesha wa Wodi
Ninatoa taarifa. Mzee wa korosho ametoka hospitali. Baada ya kusoma #3 na #18 nilimwomba daktari, akaanzishiwa diazepamu na B1, na siku ya sita alikuwa akiniuliza mimi ni mtoto wa nani. Sindano za malaria nazo alimaliza, kwa hiyo kila mtu wodini anadai kwamba ni dawa yake iliyomponya, na shemeji ana hirizi yake pia. Kwenye karatasi ya kuruhusiwa imeandikwa "kuvunjika mguu wa kushoto" na si neno jingine. Mkewe alinifuata hadi mlangoni akaniuliza, "Sista, nyumbani nikate au niendelee kumpa?" Nilimwambia asikate ghafla, na amlete kliniki siku ya kubadilisha hogo, tupange namna ya kumpunguzia chini ya uangalizi. Sijui kama atakuja.

Leo kitanda kile kina kijana aliyevunjika paja. Nilisubiri jamaa zake waende kununua maji, nikavuta kigoda. Alitazama mlangoni kwanza, kisha akasema anazimua "mara moja moja tu", na kwamba mara ya mwisho ilikuwa saa mbili jana usiku. Nimeiandika juu ya chati kwa wino mwekundu. Kipimo chake cha malaria ni chanya.

#34 Mpwa wa Mgema
Kichwa aligonga?

#35 Mkesha wa Wodi
Anasema hakumbuki.

#36 Karani wa Chati
Saa 48 zinatimia kesho saa mbili usiku. Zamu hiyo ni ya nani?